MAZIWA NI CHAKULA, SI KINGA YA VUMBI

(Maneno ya Kamati ya Usalama mbele ya wanachama, Timbwani, Likoni. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.)



Twawashukuru kwa kuja Jumapili ya leo, hasa nyinyi mliotoka zamu ya usiku mkavuka feri asubuhi bila ya kulala. Hatutawaweka sana. Tuna neno moja la kuwaambia, nalo lahusu ile pakiti ya maziwa tunayopewa kazini kila siku.

Wengi wenu mmekwisha sikia habari. Tulimwandikia mwajiri barua tukataka mambo matatu kwa sababu ya vumbi la klinka na moshi wa karakana. La kwanza, mashine za kuvuta vumbi pale linapotoka. La pili, barakoa za kazi zinazofaa. La tatu, kupimwa vifua vyetu. Jibu limekuja. Latuambia ya kwamba mashine ni ghali na jambo hilo litatazamwa mwakani, lakini kwa sasa mwajiri yu tayari kutuongezea maziwa. Badala ya pakiti moja ya nusu lita kwa zamu, tutapata pakiti mbili. Twatakiwa tujibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Wako wenzetu waliofurahi, na hatuwalaumu. Pakiti mbili za maziwa ni kitu katika nyumba yenye watoto. Lakini kabla ya kuinua mikono yetu, yafaa tujue maziwa yafanya nini katika mwili wa mtu, na hayawezi kufanya nini.

KOSA LETU WENYEWE

Kwanza tuseme ukweli. Maziwa hayo hatukuletewa na mwajiri kwa hila. Sisi wenyewe, yaani kamati, ndio tuliyoyaomba miaka iliyopita. Tulisikia ya kwamba mahali pengine watu wa vumbi hupewa maziwa, nasi tukasema, "Sisi je?" Tulipoyapata tulishangilia kama watu walioshinda vita. Hakuna aliyeuliza yatafanya kazi gani.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja wetu, mtu wa mkanda wa klinka, ambaye sasa yu karibu kustaafu. Alikuja katika ofisi yetu akaketi, akasema hivi: "Wanangu, mimi nimekunywa maziwa ya kazi miaka kumi na minane, sikuacha hata siku moja. Na bado kila asubuhi natema makohozi ya kijivu. Nataka kujua, hayo maziwa yapitia wapi na vumbi lapitia wapi?"

Hatukuwa na jibu. Basi tukaenda kuuliza kwa watu wa afya, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

NJIA MBILI

Jibu la mzee wetu ni fupi. Mtu ana njia mbili kooni. Moja ni ya chakula, yaenda tumboni. Nyingine ni ya pumzi, yaenda mapafuni. Maziwa hushuka kwa njia ya chakula. Vumbi tunalolivuta hushuka kwa njia ya pumzi. Hayakutani. Mtu akinywa pakiti mbili, au debe zima, hakuna tone litakaloingia mapafuni kuosha vumbi. Na kama tone likiingia, atapaliwa na kukohoa, maana mapafu hayakuumbwa kupokea maziwa.

Vumbi lile kubwa tunaloliona hunaswa puani na kooni, nasi twalitema au twalimeza. Lakini vumbi jembamba, lisiloonekana ila katika mwali wa jua, hupita hapo likafika mwisho kabisa wa mapafu, pale pumzi inapoingia katika damu. Hapo ndipo madhara yalipo. Vumbi la simiti na la klinka huwasha macho, koo na kifua, na likilowa huchoma ngozi. Vumbi lenye mchanga mweupe mgumu, uitwao silika, kama la kupasua mawe na kupiga chuma kwa mchanga, ni baya zaidi. Huacha makovu ndani ya mapafu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Vumbi la ngano na mahindi nalo huwaletea wengine pumu. Wenzetu wa ghala la nafaka walijua hilo kabla ya kuambiwa na daktari.

Basi, hapana maziwa wala mtindi wala samli inayoweza kulifuata vumbi hilo huko liliko.

KWA NINI WATU WAAMINI

Mtu atauliza, kama ni hivyo, kwa nini mafundi wote wa bandarini na wa jua kali husema maziwa yawafaa? Tumetafuta sababu, tukaona ziko tatu.

Sababu ya kwanza ni koo. Mtu aliyemeza vumbi kutwa koo lake hukauka na kuwasha. Akinywa maziwa baridi aona raha mara moja. Raha hiyo ni ya kweli, lakini ni ya koo tu. Maji safi yangefanya vivyo hivyo.

Sababu ya pili yawahusu mafundi wa kuchomelea. Fundi akichomelea mabati, au chuma kilichopakwa zinki, moshi mweupe hutoka. Baada ya masaa machache, mara nyingi usiku akiwa nyumbani, hushikwa na baridi, homa, kichwa na maumivu ya viungo, kama mtu wa malaria. Mkewe humpa maziwa. Baada ya siku moja au mbili yu mzima, naye husema, "Maziwa yameniponya." Kumbe homa hiyo ya moshi huondoka yenyewe katika siku moja au mbili, mtu anywe maziwa au asinywe. Maziwa yapewa sifa ya kazi yasiyoifanya. Na fundi, kwa kuwa aamini ana dawa, kesho arudi katika moshi ule ule bila ya kinga.

Sababu ya tatu ni desturi ya zamani, tena si ya hapa petu tu. Katika Urusi, sheria ya kazi yataja maziwa kwa watu wafanyao kazi zenye madhara, nayo ni desturi iliyoanza tangu siku za Wasovieti. Huko Ulaya watu wa viwanda vya rangi na vya madini ya risasi walipewa maziwa wakiambiwa kwamba yatawakinga na sumu.

Juu ya hayo kuna habari ya mtu mmoja inayotufaa. Katika mwaka 1898 serikali ya Uingereza ilimweka daktari wa kwanza wa kukagua viwanda, jina lake Thomas Legge. Alitazama watu waliodhurika kwa risasi, yaani lile madini zito linalotiwa katika betri na zamani likitiwa katika rangi nyeupe. Aliona ya kwamba karibu wote walidhurika kwa kuvuta vumbi na moshi wake. Akafundisha ya kwamba ukizuia vumbi lisivutwe, umezuia ugonjwa. Tena akasema, mwajiri asipofanya yote yaliyo juu yake, mfanyakazi peke yake hana kitu kikubwa awezacho kufanya kujilinda. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mapatano ya kuzuia rangi ya risasi katika kazi za kupaka nyumba. Uingereza ilipokataa kuyatia sahihi, Legge aliacha kazi yake ya serikali mwaka 1926. Hiyo ni karibu miaka mia iliyopita, na sisi leo bado twauliziwa kama twataka pakiti moja au mbili.

MFANO WA KARIBU

Hatuna haja ya kwenda Uingereza. Ng'ambo ya pili ya bandari, upande wa Mikindani, kuna kijiji cha Owino Uhuru. Hapo palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi na maji yake yakawafikia wenyeji na wafanyakazi. Mama mmoja aliyeajiriwa hapo, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga aliugua. Alipopimwa ilionekana ana risasi mwilini, na mama akaambiwa ya kwamba ilipitia katika maziwa yake mwenyewe.

Tazameni jambo hilo, ndugu zetu. Hata maziwa ya mama, yaliyo bora kuliko maziwa yote duniani, hayakuweza kuizuia sumu. Sumu ilipanda ndani yake ikamfikia mtoto. Mama huyo aliacha kazi akaanza kupigania kijiji. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikakatiwa rufani, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi ule. Lakini waliokufa hawakurudi, na risasi iliyoingia katika mifupa ya watoto si rahisi kuitoa.

Ni kweli, madaktari wasema ya kwamba mtu mwenye chakula kizuri, chenye kalsiamu na chuma cha kutosha, tumbo lake hupokea risasi kidogo kuliko mtu mwenye njaa. Hilo twalikubali. Lakini ni juu ya ile risasi iliyomezwa kwa mikono michafu na chakula kilichoingia vumbi. Ile iliyovutwa kwa pumzi haipiti tumboni kuomba ruhusa.

MAZIWA YAFAA NINI BASI?

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi maziwa ni mabaya. Maziwa ni chakula kizuri sana kwa mtu yanayempatana.

Katika sehemu 100 za maziwa ya ng'ombe, kama 87 ni maji. Katika zile zilizobaki mna protini ya kujenga mwili, mafuta, sukari yake ya asili, vitamini A na B, na kalsiamu ya mifupa na meno. Glasi ya robo lita ina miligramu 300 hivi za kalsiamu, na mtu mzima ahitaji kama miligramu 1000 kwa siku. Mtoto anayekua ayahitaji maziwa zaidi yetu sisi. Ndiyo maana wale waliosoma shule za msingi tangu mwaka 1979 wayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyotolewa bure na serikali katika pakiti za pembe tatu. Mpaka leo kuna watu wazima ambao wakiiona pakiti ya namna ile hutabasamu.

Lakini maziwa yana upungufu wa madini ya chuma, kwa hiyo mtu hawezi kuishi kwa maziwa tu. Na asiyeyapata asikate tamaa. Dagaa wakaliwa pamoja na miiba yao watampa kalsiamu nyingi, na maharagwe, kunde na mbaazi zitampa protini. Tui la nazi, ingawa ni jeupe na ni tamu, si badala ya maziwa. Lina mafuta mengi lakini kalsiamu yake ni kidogo, wala mtoto mchanga asilishwe kwa hilo.

Wako pia wenzetu ambao wakinywa maziwa mabichi ya glasi moja tumbo huunguruma, hujaa hewa, na mara wanakimbilia choo. Huchekwa na wenzao kazini. Wasichekwe. Sukari ya maziwa yahitaji kitu fulani tumboni cha kuivunja, na watu wengi duniani, kama wawili katika kila watatu, hupungukiwa nacho wakisha kuwa wakubwa. Watu wa ukoo wa wafugaji huwa wanaendelea kuwa nacho. Mwaka 2007 wataalamu walionyesha ya kwamba wafugaji wa Kenya, Tanzania na Sudan walirithi uwezo huo kwa njia yao wenyewe, mbali na ile ya watu wa Ulaya. Basi mtu wa pwani aliyelelewa kwa samaki na nazi akishindwa na maziwa, hilo si ugonjwa. Anywe kidogo kidogo, au ajaribu mtindi, maana katika kuganda kwake sehemu ya sukari ile imekwisha liwa.

Na hapa tuulize swali la haki. Mwanachama ambaye tumbo lake lakataa maziwa, kinga yake kazini ni ipi? Kama maziwa ndiyo ngao, yeye ameachwa bila ngao. Barakoa haimbagui mtu kwa tumbo lake.

MAZIWA YASIYOPIKWA

Maadamu tunazungumza habari za maziwa, na wengi hapa hununua ya baiskeli na ya madumu yatokayo upande wa Kwale, tuseme maneno machache ya kuwafaa nyumbani.

Maziwa ya pakiti yamekwisha pashwa moto kiwandani. Yale ya kawaida hupashwa kama digrii 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa. Yale yanayokaa muda mrefu bila ya barafu hupashwa zaidi ya digrii 130 kwa sekunde chache. Maziwa ya dumu hayajapashwa. Yachemsheni mpaka yapande, kabla ya kunywa na kabla ya kugandisha. Watu wengi husema ya kwamba maziwa yakiganda yamejitakasa. Si hivyo. Uchachu hupunguza vijidudu lakini hauwaui wote.

Katika maziwa mabichi mwaweza kuwamo kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela. Homa hii ya brusela huja na kuondoka, mtu hutoka jasho usiku, mgongo na viungo vyamuuma, na hana nguvu ya kazi. Wengi hunywa dawa za malaria miezi mizima bila ya nafuu. Yahitaji dawa mbili pamoja kwa majuma sita hivi, kwa maagizo ya daktari. Askari wa Kiingereza katika kisiwa cha Malta waliumwa homa hii miaka mingi. Kijidudu chake kilijulikana mwaka 1887, lakini mpaka mwaka 1905 ndipo daktari wa kisiwa kile, Zammit, alipoonyesha ya kwamba watokana na mbuzi. Jeshi likaacha maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, na homa ikapungua sana. Waliondoa chanzo, na ugonjwa ukaenda. Hawakugawa uji kwa wagonjwa wakasema imetosha.

Neno jingine. Kuna sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, ile iliyoua watu 125 mwaka 2004 huko Ukambani kwa mahindi yaliyoota ukungu. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Basi mwenye ng'ombe asimpe mahindi mabovu kwa kusema kwamba ni mnyama tu.

Kadhalika, mtoto akinywa mafuta ya taa, jambo linalotokea sana katika nyumba zetu za jiko la mafuta, msimpe maziwa ili atapike, wala msimtapishe kwa njia yoyote. Akitapika, mafuta huingia mapafuni na hapo ndipo hatari. Mchukueni hospitali upesi. Mnaona, hapa tena twarudi katika njia zile mbili.

Na mtoto aliye chini ya miezi sita chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya kutimiza mwaka. Mabibi wanaofanya kazi wajue ya kwamba Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri aweke mahali pa faragha kazini pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa yake. Hilo pia tutaliweka katika barua yetu, kwa sababu mpaka leo mama zetu hukamua maziwa chooni.

SHERIA YASEMA NINI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikutaja maziwa kuwa kinga. Yamtaka mwajiri aondoe hatari mahali inapoanzia, na mahali haiwezekani kuiondoa ampe mfanyakazi vyombo na nguo za kujikinga zinazofaa. Tena yamkataza kumtoza mfanyakazi senti moja kwa vyombo hivyo. Yasema ya kwamba mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye watu wa pande zote mbili. Kamati hiyo si zawadi ya nyapara. Ni haki ya sheria. Na mfanyakazi naye ana wajibu. Akipewa barakoa aivae, asiitundike msumarini.

Barakoa yenyewe iwe ya kazi. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi jembamba. Na hata barakoa njema ni ngao ya mwisho, kwa sababu katika joto la Mombasa mtu hawezi kuivaa masaa manane bila ya kupumzika. Ndiyo maana jambo letu la kwanza katika barua lilikuwa mashine ya kuvuta vumbi, na kulowesha mahali panapoloweshwa, na kufunika mkanda.

HESABU YA PAKITI

Ndugu zetu, tuna jambo moja la kusema ambalo kila mtu alijua na hakuna aliyelitamka. Maziwa yale hatuyanywi. Simameni pale ferini jioni mtazame mifuko. Pakiti zavuka maji pamoja nasi mpaka Likoni, na asubuhi ndiyo chai ya watoto kwa mahamri. Hata kamati hufanya hivyo. Hatuoni aibu kusema, kwa maana mzazi afanyaje?

Lakini hii yatuonyesha maziwa yale ni nini hasa. Ni mshahara mdogo uliotiwa katika pakiti. Ni posho ya vumbi. Mwajiri hutulipa nusu lita kwa siku ili tukubali kuvuta, na sasa anatupa lita nzima ili tunyamaze. Na kama ni mshahara, basi na tuudai kama mshahara, katika mkataba, mahali pake, kwa shilingi. Tusiuuze kifua kwa chai ya watoto, kwa kuwa watoto hao hao ndio watakaomwuguza baba asiyeweza kupanda ngazi ya feri bila ya kusimama mara tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

TUNAYOWAOMBA

Tunaomba mkutano huu ukubali mambo manne.

1. Tukatae pakiti ya pili ikiwa yaletwa kwa badala ya mashine, barakoa na kupimwa. Pakiti ya kwanza ibaki kama ilivyo, lakini iandikwe kuwa ni chakula, isiandikwe tena katika daftari ya kinga.

2. Tudai jibu lenye tarehe juu ya mashine za kuvuta vumbi. "Mwakani" si tarehe.

3. Kila mtu wa mkanda, wa ghala la nafaka na wa karakana apimwe kifua kwa gharama ya mwajiri, na apewe majibu yake mwenyewe mkononi. Vibarua wasiachwe nje. Vumbi haliulizi mtu kama ameandikwa.

4. Mwajiri asipojibu, kamati ipeleke habari kwa wakaguzi wa serikali wa usalama kazini, na wanachama wawe tayari kutoa ushahidi kwa majina yao.

Twajua jambo la nne ni zito. Mtu aogopa kupoteza kazi, nasi twaogopa pia. Lakini Mombasa hii ni mji wa wafanyakazi waliogoma mwaka 1947. Sisi tuna sheria mkononi. Tunalotakiwa ni kuisoma na kusimama pamoja.

Yule mzee wetu alipopata jibu la swali lake hakukasirika. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi miaka yote hiyo nilikuwa nakunywa chai tu." Tukacheka pamoja naye. Kisha akakohoa, na kikohozi kile kikachukua muda mrefu kuisha. Hapo hakuna aliyecheka.

Ametuomba tumwambie kila kijana aliyeandikwa mwaka huu asingoje miaka kumi na minane kuuliza. Nasi tumekwisha waambia.

Maswali yapokewe sasa, kisha tupige kura. Chai ipo nyuma, ya maziwa kwa wanaoyaweza, na ya rangi kwa wasioyaweza.

Umoja ni nguvu.